Jiwe Lililoharibu Picha

Jiwe lenyewe lilikuwa na ukubwa wa boga la wastani, jeusi kwa grisi, limebonyea upande mmoja kama lililong'atwa. Lilibaki siku msingi wa nyumba ulipojengwa, na tangu hapo likawa na kazi moja tu duniani: kukaa nyuma ya gurudumu la gari la Fundi. Kila gari liliposimama, hata mahali tambarare kama meza, Fundi alishuka, akafungua buti, akalitoa jiwe na kulisukumiza kwa kisigino nyuma ya tairi la kushoto. Ndipo alipofunga mlango. Hakuna nyumbani aliyeuliza sababu. Mtu akiwa na chongo miaka ishirini, watoto wake hudhani kila baba ana jicho moja.

Gari lilikuwa jeusi, la zamani sana, lenye taa za duara na mabawa ya chuma juu ya magurudumu. Walilipa jina la Bi Mkubwa. Breki yake ya mkono ilikufa siku nyingi, na waya wake hautengenezwi tena popote. Fundi alijaribu waya wa baiskeli, akajaribu wa pikipiki, yote ikakatika. Ukiuvuta ule mkono ulipanda vizuri, ukalia krr, krr, krr, breki ya kuheshimika kabisa, lakini huko chini haukushika kitu. Fundi alilijua hilo, na mkewe alilijua. Basi, watu wawili.

Nayaandika haya kwa wazazi wenzangu ambao ndani ya nyumba zao kuna kitu chenye kasoro wanayoijua watu wawili.

Aliyeleta habari ni Mjomba, kaka wa mke wa Fundi, dalali wa viwanja, vyumba, mbuzi na wachumba. Alimkuta dada yake kwenye cherehani lake, maana mke wa Fundi alikuwa mshonaji, na pembeni ya cherehani palikuwa na beseni la kukingia matone. Paa lilivuja kama chujio. Alikwisha kulihamisha cherehani pembe zote nne za chumba na mvua ikalifuata.

"Dada, Mungu kawaona," Mjomba alisema hata kabla ya salamu. "Watu wa filamu wanatafuta gari la zamani la kuigizia. Wamezunguka mji mzima. Moja walilooneshwa halina milango, lingine kuku wanatagia ndani."

"Na wakishalipata?"

"Wanaliazima siku mbili, wanalipiga picha, linarudi kama lilivyotoka."

Fundi alikuwa uani, chini ya Bi Mkubwa, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Sauti ikatoka uvunguni: "Shemeji, gari si sufuria la kuazimana."

"Sufuria haliazimwi kwa pesa, shemeji. Hili linalipiwa." Mjomba akakitaja kiasi.

Miguu ya Fundi ikatulia. Mshonaji akatazama juu, akahesabu mabati kwa macho, na misumari yake, na bado kitu kikabaki.

"Na breki je?" akauliza.

Mjomba akatazama nyuma yake kama aliyesikia nyoka. "Breki gani? Dada, hebu nisikilize. Wale wana majina ya magari matatu kwenye karatasi. Ukitamka breki tu, wanapiga mstari. Kwani wanasafiri nalo? Wanapiga picha. Gari limesimama. Gari lililosimama linataka breki ya nini?"

Uvunguni Fundi akacheka. "Ndiyo hasa linapoitaka ya mkono, mheshimiwa."

Lakini alitoka uvunguni. Akajifuta mikono, akalizunguka gari lake mara moja, akitembea polepole, kama mtu anayemtazama binti aliyeletewa posa.

*

Watu wa filamu walimtuma dada mmoja wa makaratasi, mpole, mwenye kalamu iliyofungwa kamba shingoni. Alisimama uani akiuliza na kuweka alama.

"Injini?"

"Nzima," alijibu Fundi.

"Taa?"

"Nzima. Zinamulika kama zilivyozaliwa."

"Breki ya mkono?"

Fundi aliingiza mkono dirishani, akavuta. Krr, krr, krr. "Sikia mwenyewe," akasema.

Dada wa makaratasi akatabasamu, akaweka alama ya vema. Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alimimina chai.

Karatasi ilitaka saini ya mume na ya shahidi. Mshonaji aliishia darasa la saba, na kusoma anajua, ila husoma huku midomo ikicheza. Alianza mstari wa kwanza. Dada wa makaratasi akatazama saa, kisha akaitazama ile midomo.

"Ni mambo ya kawaida tu, mama," alisema kwa upole.

Mshonaji akaona haya. Akafunga mdomo, akatia saini pale alipooneshwa kwa kidole. Mstari wa nne ulisema gari ni zima na halina kasoro iliyofichwa. Mstari wa saba ulisema kila picha itakayopigwa ni mali ya wapigaji, waitumie wapendavyo. Alikuja kuisoma baadaye, peke yake, midomo ikicheza kadiri ilivyotaka.

Fundi alimaliza siku tatu akimng'arisha Bi Mkubwa. Nta juu ya nta, kitambaa juu ya kitambaa, mpaka milango ikawa kioo. Binti yao, kitinda mimba wa miaka minane, alisimama mbele ya mlango akiyachekea mapengo yake mawili. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo. Aliongea akila, aliongea akisuka, usingizini alimalizia mazungumzo ya mchana.

"Baba, mimi namwona mtu ndani ya mlango."

"Ni wewe huyo."

"Basi huyo mimi wa ndani mbona haongei?"

"Kakosa nafasi kwako," alisema Fundi, na wote watatu wakacheka.

*

Mahali pa kupigia picha palikuwa barabara ya mwinuko, nyumba kila upande, na chini kabisa kwenye kona ukuta wa duka. Hadithi yao ilikuwa hivi: baba aliyepotea miaka mingi anarudi nyumbani na gari, analisimamisha, anashuka kwenda kubisha mlango, mtoto wake anabaki kiti cha nyuma akichungulia dirishani.

Fundi mwenyewe ndiye aliyemleta Bi Mkubwa mpaka pale, na mkewe, Chiriku na Mjomba ndani, akashuka, akaliweka jiwe. Asubuhi nzima ikapita salama. Saa tano mkanda wa feni ukaanza kupiga mluzi, na mtu wa sauti akavua vidude vyake masikioni akisema hawezi kurekodi paka anayenyongwa. Fundi akajua ni wapi atapata mkanda mwingine. Kabla ya kuondoka alimvuta mkewe pembeni.

"Mama Chiriku, nusu saa tu. Macho yako yasitoke kwenye jiwe."

"Nenda, Baba Chiriku. Macho yatakwenda wapi?"

Basi watu wa filamu wakaamua kutomsubiri. Sauti ya injini wangeiweka baadaye. Shida ikawa mtoto wao wa kuigiza. Alikuwa amekula biskuti nyingi, akatapikia gauni. Mwongozaji, mwanamume mrefu aliyesema na watu bila kuwatazama, aligeuka huku na huku, macho yakamwangukia Chiriku aliyekuwa akimhoji mshika kamera kama kamera hulala.

"Huyu wa nani? Ana uso wa picha huyu."

"Wetu!" Mjomba alidakia kabla mama hajafungua kinywa. "Njoo, mjomba, njoo uoneshe watu."

Tusidanganyane: mama alifurahi. Alipewa gauni jingine alipunguze kiunoni, akachomoa sindano kwenye kola yake na kulishona mwilini mwa mwanawe akiwa amepiga magoti barabarani, na wale watu wa mjini wakasema, oo, mama ana mikono. Alimpandisha Chiriku kiti cha nyuma yeye mwenyewe. Mwigizaji akaingia mbele, mguu juu ya breki.

Mshika kamera akachungulia kwenye tundu lake, akatikisa kichwa. "Lile jiwe. Linaharibu picha."

Dada wa makaratasi akaenda, akainama, akalijaribu, likamshinda. Akainua uso. "Mama, samahani, nisaidie hili."

"Hilo jiwe," mshonaji alianza, "hilo mwenyewe huwa hapendi..."

"Dakika moja tu, mama. Breki ya mkono si ipo?"

Ilikuwa hapo. Watu kumi na tano wamesimama juani wakimsubiri yeye. Mjomba anamtolea macho. Karatasi iko kwenye kwapa la yule dada, na alama yake ya vema. Mabati yako dukani, yamekwisha kulipiwa nusu.

"Ipo," akasema.

Akainama, akalinyanyua mwenyewe. Alilikumbatia tumboni kwa mikono miwili, kama wanavyobebwa watoto, akalipeleka pembeni ya ukuta. Akatafuta pa kulitua.

"Kimya!" alipaza sauti mwongozaji. "Mama, hapo hapo. Usitikisike. Kimya kila mtu!"

Akasimama hapo hapo, na jiwe mikononi.

Mwigizaji alivuta breki. Krr, krr, krr. Alishuka, akafunga mlango taratibu, akarekebisha kofia, akaelekea kwenye nyumba kama mtu mwenye dhambi. Nyuma yake gari likaanza kwenda. Lilikwenda polepole mno hata mshonaji akadhani ni kizunguzungu chake mwenyewe. Chiriku dirishani alicheka, akidhani ndivyo inavyochezwa. Kisha akamwona mama yake, akauona uso wa mama yake, na kicheko kikakatika. Kiganja kikabandikwa kwenye kioo. Mdomo ukafunguka.

Si kwamba mama hakutaka kupiga kelele. Kelele ilipanda hadi kooni, ikakuta ile amri imekaa mlangoni. Ameambiwa kimya. Na mikono ilikuwa imejaa. Msomaji atasema, si angelitupa? Ndiyo, angelitupa. Hata yeye analisema hilo kila siku anapokanyaga cherehani.

Aliyepiga kelele mwishowe ni mtu wa sauti. Wakati huo Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kupata mbio, na kule chini ukuta wa duka ulikuwa unangoja.

*

Fundi alifika hospitali na mkanda mpya wa feni shingoni, amesahau kuuvua. Chiriku alikuwa ndani, paja limevunjika, mtulinga wa bega umevunjika, anapumua. Waliambiwa wakae kwenye benchi. Wakakaa.

"Jiwe?" Fundi akauliza.

"Waliliondoa."

"Nani?"

"Wao. Walisema linaharibu picha."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma huko. Walinipa gauni nishone."

Fundi akatikisa kichwa polepole. Akaushika mkono wa mkewe, na huo mkono ulikuwa bado una grisi. Hakuutazama. Fundi wa magari haoni grisi.

Wiki ya pili walikwenda ofisini kwa wale watu. Waliketishwa kwenye kochi lililozama hata magoti yakawafika kidevuni, wakaletewa soda. Mwongozaji alisema amelia, na pengine ni kweli. Kisha dada wa makaratasi akaifungua karatasi juu ya meza, akauweka ukucha kwenye mstari wa nne.

"Mlisema nzima," alisema. Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali.

"Mliliondoa jiwe langu," alisema Fundi.

Dada wa makaratasi akamtazama mshonaji. Alifungua kinywa. Mshonaji akamtazama na yeye, na sijui mle machoni yule dada aliona nini, lakini alikifunga kinywa chake, akaikunja karatasi.

"Tutalipa hospitali," alisema. "Zaidi ya hapo hatutaweza."

Wakati wa kutoka, Mjomba aliyewasindikiza alirudi nyuma akazimalizia soda zao. Zilikwisha kufunguliwa, alisema.

*

Bi Mkubwa alirudishwa akivutwa kwa mnyororo, kitako kimeingia ndani kama kopo lililokanyagwa. Siku hiyo hiyo dada wa makaratasi alileta mfuko mgumu wa plastiki, kijana akimbebea. "Vitu vyenu," alisema, akauacha kizingitini. Ndani yake mlikuwa na kiatu kimoja cha Chiriku, na jiwe.

Fundi alilichukua jiwe, akaliweka nyuma ya tairi la kushoto. Tairi lenyewe halikuwa na upepo; gari lisingekwenda hata kwa kubembelezwa. Lakini aliliweka.

Mabati mapya yalipigwa. Paa likaacha kuvuja, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Zamani mvua ilikuwa inaingia ndani na mtu unahangaika na beseni. Sasa ilibaki nje inapiga ngoma juu ya kichwa, na mshonaji alikaa chini yake mkavu, akisikia. Alipoukanyaga mkanyago wa cherehani, cherehani lilianza na krr, krr, krr. Alilitia mafuta. Alilifungua lote, akalifuta na kulifunga tena. Krr, krr, krr. Wateja walisema mbona halina tatizo, mama, mbona tunasikia cherehani tu.

Kwenda bombani alipaswa kupita karibu na gari. Akaanza kuzunguka kwa nyuma ya choo.

Na Chiriku hakuongea. Plasta ilitolewa, mguu ukapona ukiwa mfupi kidogo, akajifunza kutembea upya. Ulimi ukabaki hospitali. Ukimuuliza una njaa, anatikisa kichwa. Unaumwa? Anatikisa. Daktari alisema usimlazimishe, maneno yatarudi yenyewe. Usiku baba yake alimsimulia habari za injini, moja baada ya nyingine, kwa upole, akimwachia nafasi za kudakia. Nafasi zikapita tupu. Jirani muuza mkaa, mwanamke asiye na ubaya, alisema siku moja dukani kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Alikuwa akimsema mtu mwingine kabisa. Mshonaji aliacha chenji yake kaunta akaondoka.

Mara tatu alitaka kumwambia mumewe. Mara ya kwanza alikuta amelala. Mara ya pili alikuta anacheka na mtu, na ilikuwa muda mrefu hajacheka. Mara ya tatu alifika hadi kusema, "Baba Chiriku, lile jiwe," na Fundi akamkatiza: "Usilitaje. Kama si wewe kuwepo pale kumkimbiza mtoto hospitali, mimi ningekuwa nimeua mtu. Ni mimi niliyesema nzima."

Alikuwa anabeba mzigo wote peke yake, na mkewe alimtazama akiubeba.

*

Filamu yenyewe ilioneshwa Jumapili saa tisa mchana. Hawakutaka kutazama, lakini Mjomba alikwisha kutangaza mtaa mzima, na kwa Fundi ndiko kulikuwa na televisheni iliyoshika picha bila kupigwa kofi. Muuza mkaa alikuja na wajukuu. Wengine walisimama dirishani. Fundi aliketi chini kwenye mkeka, Chiriku ameegemea goti lake, na baba anazichezea nywele za bintiye. Mshonaji alisimama nyuma ya wote.

Watu wa filamu walikuwa wamewaambia kwamba picha ile imekatwa. Haikukatwa. Yule baba aliyepotea alishuka, akarekebisha kofia, na nyuma yake gari likaanza kurudi. Ile sauti ya barabara walikuwa wameitoa, wakaweka muziki wa kinanda, mwororo, wa kulia. Wameibadilisha hadithi, kumbe, ili ajali iwemo. Na dirishani uso wa Chiriku ukacheka, ukaacha kucheka, kiganja kikabandikwa, mdomo ukafunguka, na kilichotoka mdomoni kilikuwa kinanda.

"Jamani!" muuza mkaa alishika kifua. "Mtoto huyu anaigiza! Tazama macho hayo, utadhani kweli."

"Damu ya kwetu," alisema Mjomba.

Gari lilipoanza kupinda, mlango wake uliinama kidogo kwenye jua. Ule mlango wa siku tatu, nta juu ya nta. Chini ya uso wa mtoto, ndani ya ule weusi unaong'aa, akaonekana mwanamke amesimama wima kando ya ukuta. Alikuwa amekumbatia kitu tumboni. Picha ilikaa hapo kwa muda wa kuvuta pumzi moja, labda mbili. Watu walikuwa wakitazama juu, dirishani kwa mtoto. Nani atazame mlango wa gari?

Mkono wa Fundi ukasimama kwenye nywele za binti yake.

Hakugeuka. Mkewe aliiona shingo yake tu, mishipa yake miwili, na jinsi mabega yalivyoshuka kama ya mtu aliyeambiwa autue mzigo kisha akaambiwa alioubeba haukuwa wake wote. Kwenye televisheni lilikuja tangazo la sabuni. Wajukuu wa muuza mkaa wakaanza kuimba wimbo wa sabuni.

"Mama Chiriku," alisema Fundi, kwa sauti ya chini, bado hajageuka.

Mshonaji alifungua kinywa. Ile amri ilikuwa bado imekaa pale pale mlangoni.

Hapo Chiriku akainua uso akamtazama baba yake. Midomo ikacheza kwanza bila sauti, kama ya mama yake anaposoma.

"Lilikuwa zito, Baba," alisema. Sauti ilikuwa na kutu. "Mimi nilimwona. Lilikuwa zito, asingeweza kukimbia nalo."

Nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele. "Kaongea! Chiriku kaongea!" Mjomba akarukaruka, muuza mkaa akaanza kulia, waliokuwa dirishani wakapiga makofi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni kitu gani kilichokuwa kizito.